Taa ya Samaki Badala ya Koti

Nyumbani kwangu Musoma kuna taa ishirini na tatu, na ukiwasha zote zinawaka nne. Zilizobaki ni za kuangaliwa tu. Mke wangu anaziita wagonjwa. Mgeni akiingia sebuleni na kuuliza kama hapa ni dukani au nyumbani, yeye hujibu kwamba ni wodini, karibu ukae, lakini usimguse yule wa shingo ndefu.

Sizungumzii kandili wala karabai, ambazo kila mtu wa umri wangu amezisomea vitabu mpaka pua ikawa nyeusi kwa moshi. Mimi nakusanya taa za mezani za urembo, zile za miaka ya hamsini na sitini, zilizoletwa huku na wenye maduka, mapadri na wahandisi wa migodi. Walipoondoka walibeba masanduku yao na kuziacha taa, kwa sababu haziingii sandukuni. Nadhani mafundi wa enzi hizo walikuwa na furaha iliyopita kiasi. Hawakuridhika kutengeneza kitu cha kushikilia globu. Walitaka globu ishikwe na mtu au mnyama. Nina jogoo wa kauri anayewaka mkiani. Nina mwanamke wa plasta aliyejitwika kapu la matunda, na holda ya globu iko katikati ya mananasi. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea aliomba mwanamke huyo afungwe khanga, na mpaka leo amefungwa.

Ya kwanza niliipata sokoni Mwigobero. Mama mmoja muuza dagaa aliitumia kukandamiza turubai lake lisipeperushwe na upepo wa ziwani. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nimesimama mbele ya wanafunzi kwa miaka mingi, lakini kumwomba mtu kitu moja kwa moja ni kazi inayonishinda. Basi nikawa nanunua dagaa kwake kila siku, bila kupatana bei, huku nikikodolea macho turubai. Baada ya wiki mbili alikuja mume wake kuniuliza nia yangu ni nini. Nilipomwonyesha ile taa alicheka mpaka akakaa chini, akanipa bure, akaniomba nisirudi tena.

Nimeeleza haya ili ujue ni mtu wa namna gani aliyechukuliwa kwenda kukagua ng'ombe wa mahari ya binti yake.

Binti yetu wa kwanza anafundisha chekechea Bunda. Huko alimpata kijana ambaye wazazi wake wanaishi Nyasura, watu wazuri, wana duka la pembejeo. Mazungumzo ya mahari yalifanyika kwetu Musoma na yalikwenda vizuri, kwa sababu msemaji wetu alikuwa kaka yangu mkubwa na mimi sikuruhusiwa kusema. Kwetu ndivyo ilivyo: baba wa binti anakaa, anakula, anatikisa kichwa. Orodha ikaandikwa. Mbali na ng'ombe kulikuwa na blanketi la mama na koti la baba, kama desturi. Koti lenyewe halihusiani na baridi. Musoma hakuna baridi ya koti. Unalivaa kanisani mara moja, jasho linakutiririka mpaka kwenye soksi, watu wanajua kwamba binti yako ameolewa kwa heshima.

Ng'ombe walikuwa kwa bibi yake kijana, Butiama. Siku ya kwenda kuwakagua kaka aliniweka kando mara tuliposhuka kwenye gari.

"Wewe unakuja kama mwenye binti," alisema. "Mwenye binti hasemi. Umenisikia?"

"Nimekusikia, kaka."

"Hata ukiona nini."

Tulipokelewa na baba mdogo wa kijana, mtu wa maneno mengi na mikono mikubwa. Bibi mwenyewe alitusalimia mmoja mmoja, akatukaribisha sebuleni, kisha akaenda jikoni kusimamia chakula. Nilipoinua macho nikaiona.

Ilikuwa juu ya meza ndogo ya pembeni, imekaa kwenye kitambaa cheupe cha kufuma. Samaki wa kauri wa rangi ya bluu, amesimama kwa mkia, mdomo wazi kuelekea juu, na ndani ya mdomo holda ya shaba. Kofia yake ilikuwa ya plastiki ya mikunjomikunjo, imegeuka rangi ya maziwa ya mtindi kwa uzee, lakini haikuwa na ufa hata mmoja. Nimezaliwa kando ya ziwa hili. Namjua sato, sangara, ningu, mumi na kamongo. Yule samaki hakuwa yeyote kati yao. Alikuwa na midomo minene, mapezi ya kike, na macho ya mtu aliyefumaniwa.

Baba mdogo aliona ninapotazama. "Ah, hiyo," alisema. "Baba alikuwaga mpishi wa mhandisi kule mgodini. Mzungu alivyoondoka akamwachia. Inakaa tu hapo."

Inakaa tu. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyoniangusha.

Tulitoka kwenda zizini. Kaka yangu aliinama akiangalia kwato na meno, akipapasa mbavu kwa utaalamu, na mimi nilisimama mahali ambapo kupitia dirishani niliweza kuona ncha ya pezi. Akanigeukia, akanionyesha mtamba mmoja mwekundu. "Huyu unamwonaje?"

"Mapezi yake mazuri," nilisema.

Kaka alinigeuzia mgongo, akaendelea na kazi.

Baada ya kula tulikaa wanaume saba sebuleni kuipitia orodha kwa mara ya mwisho. Bibi na wakwe zake walikuwa jikoni wakiosha vyombo, tulisikia sufuria. Walipofika kwenye koti, baba mdogo akauliza ninavaa saizi gani. Lilikuwa swali la adabu tu, na kaka alikuwa tayari amefungua mdomo kulijibu. Lakini nilimtangulia.

"Koti msihangaike nalo," nilisema. "Nipeni ile taa."

Mzee mmoja aliacha kuchokonoa meno. Kisha baba mdogo akapiga mapaja yake yote mawili kwa furaha. "Imepita!" akasema. "Baba mkwe amechagua mwenyewe!" Akainuka, akampakata yule samaki, akaniwekea magotini, na mmoja wa wajomba akatupiga picha. Kaka yangu alinitazama kwa jicho ambalo mara ya mwisho nililiona nilipopoteza ndama wa baba, nikiwa darasa la nne.

Walinipa kitenge cha kuifungia. Tulipokuwa tunatoka, bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mikono imelowa. Aliutazama mzigo wangu, akaona mkia uliojitokeza. "Haya," alisema. "Safari njema." Na mimi, mtu mzima mwenye mvi, niliona amenibariki.

Nyumbani mke wangu aliuliza kama blanketi lake limetajwa. Nikasema limetajwa. Akauliza koti. Nikafungua kitenge. Alikaa kwenye kiti cha karibu, akamtazama samaki, akanitazama mimi. "Mmefanana," alisema, akaenda kupika.

Siku tatu nilikuwa mtu mwenye heri. Nilimsafisha samaki kwa mswaki na maji ya uvuguvugu, nikabadilisha waya uliokuwa umeoza, nikafunga plagi mpya, nikaweka globu. Akawaka. Kofia ile ya mtindi ikatoa mwanga wa rangi ya asali, na mdomo wake ukaonekana umekaribia kusema jambo. Nilimpeleka mezani, nikawa nakula naye.

Siku ya nne binti yangu alipiga simu. Ile picha ilikuwa imetumwa kwenye kundi la simu la ukoo wao, mimi na samaki, na chini yake maneno: Baba mkwe kaacha koti kachukua kitoweo. Watu walikuwa wamecheka mpaka Mwanza. Nikadhani anapiga ili tucheke pamoja, nikaanza mimi.

"Baba," alisema. "Ile taa ilikuwa ya bibi."

"Najua. Wamenipa."

"Nani amekupa? Bibi amekupa?"

Nikamgeukia samaki.

"Tangu mmeondoka hajaizungumzia. Kile kitambaa amekiacha mezani hivyohivyo, mtu akiweka kikombe juu yake anakiondoa. Baba, mimi ndiye nitapelekwa pale baada ya harusi. Desturi yao ni kupika kwa bibi kwanza. Nitaingia kwenye jiko lake nikiwa nani? Mtoto wa yule aliyembebea taa yake." Hapo sauti ikamkatika, akaanza kulia, na nilimsikia akijaribu kulia bila kutoa sauti kwa sababu watoto wake wa chekechea walikuwa karibu. "Na mimi wananiita Bibi Samaki," alisema.

Niliona aibu. Sina namna nyingine ya kuieleza. Nilizima taa, nikakaa mbele yake, na kila nilipomtazama samaki nilimwona binti yangu amesimama kwenye mlango wa jiko la watu na hakuna anayemkaribisha.

Mtu mwenye akili angempigia kaka yake. Mimi nilifunga taa kwenye kitenge kilekile, nikaaga kwamba nakwenda kusimamia mitihani, na asubuhi nikapanda gari la Butiama. Nilipanga kumkabidhi bibi mkononi, niombe radhi, nirudi kabla ya chakula cha mchana. Kwenye bodaboda nilifanya hata mazoezi ya maneno, dereva akadhani naongea na simu.

Wa kwanza kuniona alikuwa mke wa baba mdogo, aliyekuwa anaanika mihogo uwanjani. Alitabasamu. Kisha akauona mzigo, na kitenge chenyewe akakitambua, kwa sababu kilikuwa chake. Ungo ukamtoka mikononi.

"Wamerudisha!" alipiga kelele. "Jamani njooni, wamerudisha mahari!"

Hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Mara analijua kabla hajajua kusoma, na ambalo mimi peke yangu nilikuwa nimelisahau kwa sababu ya samaki. Kitu cha mahari hakirudi. Kikirudi, hata kama ni jembe, hata kama ni blanketi, maana yake ni moja tu: binti amekataa, ndoa imekufa, wekeni ng'ombe wenu zizini. Na anayekirudisha ni baba yake, kwa mikono yake mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Yaani kama nilivyokuwa nimesimama pale.

Watu walitoka kila upande. Baba mdogo alikuja na shati lisilofungwa vifungo, simu sikioni, akiwaambia Nyasura. Nyasura wakampigia kijana. Kijana akampigia binti yangu darasani. Simu yangu ikaanza kulia mfukoni na sikuweza kuitoa, kwa kuwa nilikuwa nimembeba samaki kwa mikono miwili.

"Sikuja kuvunja," nilisema. "Nimekuja kurudisha taa tu."

"Mkwe, kurudisha ni kurudisha," alisema baba mdogo. Alikuwa na huzuni ya kweli. "Sisi hatuwezi kuipokea. Tukiipokea imeisha."

"Basi niichukue niondoke nayo?"

"Umeshafika nayo."

Nikamwomba anishikie kidogo nitoe simu. Akarudi nyuma hatua mbili. Nikataka kuiweka chini, na watu wote wakapaza sauti kwamba nisiiweke, kwa maana kuiweka chini ni kuikabidhi. Kwa hiyo nikabaki nimesimama katikati ya uwanja, jua la saa nne utosini, nimempakata samaki wa kauri, na hakuna mtu aliyenikaribia isipokuwa kuku. Nilifikiria miaka yote ya kumsomesha yule mtoto. Nilifikiria kwamba ataniuliza ni nini kilichonipata, na jibu langu litakuwa mapezi.

Bibi alitokea shambani na jembe begani. Alitazama watu, akanitazama mimi, akaweka jembe chini bila haraka. Akaomba kiti, akakaa.

"Hiyo taa nani aliitoa?" aliuliza.

"Tuliitoa sisi, mama," alisema baba mdogo. "Ukoo."

"Ukoo ulikuwa wapi wakati naifutaga vumbi?"

Baba mdogo akaanza kufunga vifungo vya shati.

"Mahari anatoa mwenye mali," alisema. "Hii ni ya kwangu. Marehemu alinipa mimi, mkononi. Mimi sijatoa. Kama sijatoa, haijakuwa mahari. Ilikwenda kutembea tu Musoma, sasa imerudi nyumbani. Mnalia nini?"

Wazee wawili wakatazamana. Mmoja alianza kusema kwamba hata hivyo, kidesturi, akakutana na macho ya bibi, akamalizia kwamba ni kweli. Baba mdogo akapiga simu Nyasura upya. Mke wake akaanza kuokota mihogo. Bibi akanyoosha mikono, akaichukua taa kwangu, na vidole vyangu vikabaki vimejikunja kwa muda.

Sebuleni aliiweka palepale juu ya kitambaa. Niliomba radhi kwa maneno yote niliyoyafanyia mazoezi na mengine. Nilimweleza kwamba nimebadilisha waya, kwamba sasa inawaka, kwamba naelewa ni kumbukumbu ya marehemu.

"Kumbukumbu?" alisema. "Marehemu ana kaburi lake hapo nje, nalilimia. Hili lisamaki hata silipendagi. Lina mdomo mbaya."

"Sasa mama, mbona..."

"Mlikaa hapa wanaume saba," alisema. "Mmekula chakula changu. Mmegawana kitu changu. Mimi niko jikoni hapo, ukiniita nasikia. Hakuna aliyeniita." Alinyoosha kona ya kitambaa. "Na binti yako je? Alivyosikia ameombewa taa, alisemaje?"

"Alilia, mama."

"Naye hukumuuliza."

"Sikumuuliza."

Alitikisa kichwa, taratibu, kana kwamba nimemthibitishia habari ya zamani. Mlangoni watu walikuwa wamejaa, baba mdogo mbele yao.

"Haya, sasa nipo," bibi alisema. "Niombe."

Nilisimama, nikavua kofia yangu, nikaishika kifuani. Nilikuwa na miaka hamsini na minane na sikuwahi kuomba kitu namna ile, wazi, nikimtazama mwenye nacho. "Mama," nilisema, "naomba unipe hiyo taa yako."

Alimgeukia samaki. Alimtazama kuanzia mkiani mpaka kofiani, akamfuta shavu kwa ncha ya khanga. Alifikiri kwa muda mrefu kabisa, na mimi nikaanza kuwaza nitampanga wapi, karibu na jogoo au mbali naye.

"Hapana," alisema.

Aliniletea uji, nikanywa.

Kituoni, nikisubiri gari la kurudi, nilimpigia binti yangu. Alipokea kabla haijaita mara ya pili. "Umevunja, baba? Niambie tu."

Nilimwambia hakuna kilichovunjika. Nilimweleza mambo ya taa kutembea, na wazee walivyonyamaza. Kisha nikamwambia sehemu iliyobaki, kwa sababu alistahili kuijua: kwamba nilipewa nafasi ya kuomba, nikaomba vizuri, na bibi akakataa.

"Amekukatalia?"

"Amekataa."

"Wewe, baba mkwe? Mbele ya watu wote?"

"Mlango ulikuwa umejaa."

Alicheka kicheko chake cha utotoni, kile cha kukosa pumzi, na nyuma yake nikasikia watoto wa chekechea wakicheka bila kujua kwa nini. "Nyumba ambayo mwanamke anaweza kusema hapana mpaka kwa baba mkwe," alisema alipopata sauti, "nyumba hiyo naingia."

Nikamuuliza kama kuna kitu angependa nimfanyie. Nilikuwa nimeanza kuzoea kuuliza.

"Kipo kimoja," alisema. "Ukija kunitembelea huko, uje mikono mitupu, na uondoke mikono mitupu."

Nilimwahidi. Pale kituoni machozi yalinitoka, na mpaka leo sijui ni kiasi gani kilikuwa cha mwanangu na kiasi gani kilikuwa cha samaki.